Mtu wa Mungu Unamdai Karatasi?

Shangazi yangu amefanya biashara ya nafaka mjini Morogoro kwa zaidi ya miaka 20, na sijawahi kumwona akinunua gunia la mahindi bila kwanza kuzamisha mkono hadi katikati ya gunia, kuchota punje chache na kuzitafuna moja moja. Punje iliyokauka sawasawa hupasuka kwa mlio mkavu. Yenye unyevu hubonyea chini ya jino, na hapo mazungumzo ya bei huanza upya. Maharage huyapima kwa mizani yake mwenyewe hata kama muuzaji ni jirani aliyekua naye mtaa mmoja, chenji huihesabu mara mbili, na noti ya shilingi 10,000 huiinua kwenye mwanga kabla ya kuifunga kwenye ncha ya kanga. Mwanamke huyu huyu ndiye aliyemkabidhi kijana mmoja wa kikundi chake cha maombi shilingi 600,000, mtaji wa msimu mzima, kwa ahadi kwamba baada ya miezi miwili zingerudi 900,000. Hakuandikiwa chochote. Nilipomuuliza risiti iko wapi, alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Baba, mtu wa Mungu unamdai karatasi?"

Fedha hizo hazikurudi, na jibu lile halijanitoka kichwani. Kila linapozuka tukio la waumini kutapeliwa, kuumizwa au kupoteza maisha kwa jina la dini, maelezo yanayotolewa huwa ya aina mbili. Wako wanaosema kwamba dini humzoeza mtu kuamini asichokiona, na kwamba aliyekwisha kuzoea hivyo ataamini chochote atakachoambiwa. Wako pia wanaosema kwamba dini haina lawama yoyote, kwamba tatizo ni matapeli waliojivika joho, na kwamba aliyedanganywa alikosa elimu tu. Nimejaribu kuyapima maelezo yote mawili kwa shangazi yangu na hayamtoshi. Kama imani ingekuwa imemlegeza akili, angenunua mahindi mabichi kila wiki. Na kama shida ingekuwa kukosa maarifa, asingejua kabisa namna ya kumkagua mtu kabla ya kumpa fedha, ilhali kazi hiyo huifanya kutwa nzima. Alijua kuuliza. Aliamua kwamba mahali pale haikufaa kuuliza, na uamuzi huo hakuubuni yeye peke yake.

Hoja yangu, basi, ni kwamba wepesi wa kudanganywa si tabia anayozaliwa nayo mtu na kutembea nayo kila aendako. Hukaa mahali maalumu, pale ambapo jamii imemfundisha taratibu kwamba swali ni utovu wa adabu au, vibaya zaidi, ni dhambi. Katika nchi zetu mahali hapo mara nyingi ni mbele ya mtu anayehesabiwa kuwa karibu na Mungu, na mtu huyo anapoanza kuzungumzia fedha, dawa au ardhi, kinga aliyopewa kwa ajili ya mahubiri huhamia kwenye mambo hayo bila mtu kugundua kwamba imehama.

Watanzania wa umri wangu wanaikumbuka DECI, taasisi ambayo jina lake kamili lilikuwa Development Entrepreneurship Community Initiative, na ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009 baada ya maelfu ya watu kuweka fedha zao humo. Miongoni mwa wakurugenzi wake walikuwemo wachungaji, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya wakurugenzi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Linalonivuta zaidi ni lugha iliyotumika. Watu hawakuambiwa wawekeze. Waliambiwa wapande mbegu, na malipo yaliitwa mavuno. Kwa mtu aliyelelewa kanisani, maneno hayo yalikuja na miaka mingi ya mahubiri nyuma yake, kwa hiyo mpango wa fedha ulipita mlango wa mbele bila kubisha hodi. Nani amuulize mkulima ushahidi kwamba mbegu huota?

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi kwa yeyote ambaye angeketi na kalamu. Katika upatu wa namna hiyo hakuna shamba, hakuna kiwanda wala duka. Anayelipwa leo hulipwa kwa fedha za aliyeingia jana. Ikiwa kila mtu anahitaji wapya wawili ili apate chake, idadi hurudufu kila ngazi, na baada ya kurudufu mara 20 wanahitajika watu zaidi ya 1,000,000. Ukirudufu mara 26 unapita milioni 67, wakati sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania wote, pamoja na watoto wachanga, kuwa milioni 61.7. Wafanyabiashara wa sokoni wanaopiga hesabu ngumu kuliko hiyo kila asubuhi walikuwa wengi kwenye foleni zile. Nakumbuka pia jinsi hasira za wengi, Serikali ilipoingilia kati, zilivyoielekea Serikali kwa kuzuia mavuno ya watu.

Wakenya nao walikuwa na msiba wao katika miaka hiyo hiyo. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kilibaini kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya katika mipango ya aina hii. Na asiseme mtu kwamba ni umaskini wetu au uchache wa shule. Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji aliyekamatwa New York mwaka 2008, aliwakamua watu matajiri na wasomi, na sehemu kubwa ya njia yake ilipita katika jumuiya ya Wayahudi wenzake: wakfu za hisani, chuo kikuu cha Yeshiva, hata wakfu wa Elie Wiesel, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa mwenzao, akichangia misaada na kuketi kwenye bodi zao, na kumkagua mwenzako wa namna hiyo kulionekana kama kumvunjia heshima.

Nadhani chombo kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote katika jambo hili ni ushuhuda, na sijaona ukichambuliwa inavyostahili. Sokoni, mtu akisema amepata faida ya nusu milioni, swali linalofuata ni moja tu: umeuza nini, wapi, kwa nani? Ibadani, mtu huyo huyo akisimama mbele ya waumini na kusema kwamba alipanda na amevuna, jibu linalofuata ni "Amina", na mara nyingi makofi. Mazingira yenyewe ya ushuhuda hayana nafasi ya swali la pili. Siwalaumu waumini kwa hilo, kwa kuwa ushuhuda wa mama aliyepona huzuni ya kufiwa hauhitaji kuhojiwa. Ni zawadi anayowapa wenzake. Lakini ushuhuda wa faida ya asilimia 50 kwa miezi miwili ni taarifa ya kibiashara, na ukitolewa katika kipaza sauti kile kile hupokelewa kwa masikio yale yale. Isitoshe, kipaza sauti hupewa aliyefanikiwa tu. Ambaye fedha zake zimepotea hukaa benchi la nyuma, akijiuliza alikosea wapi.

Na akithubutu kuuliza, jibu liko tayari: imani yake ilikuwa ndogo. Hilo ndilo jibu ambalo shangazi alipewa na kijana yule, kabla hajahama mji. Jibu hili ni la hatari kwa sababu linageuza kila matokeo kuwa uthibitisho. Fedha zikirudi, Mungu ametenda. Zisiporudi, mdai amepungukiwa imani. Mgonjwa akipona, dawa ni ya kweli. Asipopona, alikunywa akiwa na shaka. Dai ambalo hakuna tukio lolote linaloweza kulikanusha ni kama mizani inayoonyesha kilo 10 hata isipowekwa kitu, na hakuna mfanyabiashara ambaye angeipokea mizani hiyo dukani kwake.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekeza macho kwenye kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa wote kama Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kikombe kimoja kilitibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye barabara ya vumbi, wenye uwezo walifika kwa helikopta, na mawaziri na wabunge walionekana hadharani wakinywa. Watu walifia njiani na kwenye foleni kabla ya kufika. Wengine waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI waliziacha waliporudi nyumbani, wakiamini wamepona.

Sina shaka kwamba Babu aliamini alichokisema. Aliishi maisha ya kawaida hadi alipofariki mwaka 2021, na ada aliyotoza ilikuwa ndogo kuliko nauli ya daladala ya siku mbili. Ndiyo maana mfano wake una uzito kuliko mifano ya matapeli. Tumezoea kujiuliza kama mtu ni mkweli, na tukishajiridhisha kwamba ni mkweli tunafunga mjadala, kana kwamba mkweli hawezi kukosea. Babu alieleza kwamba nguvu haikuwa kwenye mzizi wenyewe. Ilitoka kwa Mungu na ilifanya kazi ikitolewa na yeye, pale pale Samunge. Kwa maelezo hayo hata maabara haikuwa na la kusema, maana kinachoweza kupimwa maabara ni mzizi. Kilichoweza kupimwa ni wagonjwa: waandikwe majina na vipimo kabla ya kunywa, kisha wapimwe tena baada ya miezi mitatu na sita. Kazi hiyo ilipaswa kutangulia vikombe vya viongozi mbele ya kamera, kwa sababu mwananchi aliyemwona waziri akinywa aliona kwamba swali limekwisha kujibiwa na watu wakubwa kuliko yeye.

Kuna anayesema kwamba kudai ushahidi wa namna hiyo ni kumpima Mungu. Kanisa Katoliki halionekani kufikiri hivyo. Huko Lourdes, Ufaransa, ambako mahujaji wamekwenda kuomba uponyaji tangu mwaka 1858, kuna ofisi ya madaktari inayopokea taarifa za waliopona. Huuliza ugonjwa ulithibitishwa vipi, tiba gani ilitumika, kupona kulitokea kwa ghafla kiasi gani na kumedumu kwa muda gani. Katika taarifa zaidi ya 7,000, Kanisa limetambua rasmi miujiza 70 na kidogo tu. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hiyo 70, lakini ajue kwamba ni waumini wenyewe walioziweka kando zile nyingine maelfu, na hakuna aliyewaita wapungufu wa imani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoilaumu dini moja kwa moja. Mila za dini zilizopo kwetu zina akiba kubwa ya maswali kuliko waumini wengi tunavyoambiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Inawaita walioamini, si makafiri wala wageni, na kuwaamrisha wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na wasichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa. Karatasi ambayo shangazi yangu aliiona kuwa tusi, hapa imeamrishwa baina ya waumini na waumini. Wanazuoni wa hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, nao waliuliza juu ya kila mpokezi: alizaliwa lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ikoje. Mtu mcha Mungu anayejulikana kwa swala za usiku angeweza kukataliwa masimulizi yake kwa sababu tu kumbukumbu yake ni dhaifu. Ucha Mungu wake haukutiliwa shaka. Ulitenganishwa na usahihi wa taarifa zake, na hilo ndilo tendo la akili ambalo tunalikosa leo.

Kwa Wakristo, Matendo ya Mitume sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama aliyoyasema Paulo yalikuwa kweli. Paulo huyo huyo, katika sura ya 8 ya waraka wa pili kwa Wakorintho, anaeleza kwamba mchango wa fedha utasafirishwa na zaidi ya mtu mmoja, akiwemo ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asije mtu akamlaumu. Mtume mwenyewe hakutaka kukabidhiwa mfuko wa fedha bila mashahidi. Lakini vifungu hivi husikika mara chache kuliko kile cha Zaburi ya 105, "Msiwaguse masihi wangu", ambacho kimekuwa komeo la kufungia midomo ya wanaouliza hesabu, ingawa ukikisoma na mistari inayokitangulia utaona kwamba kinawaonya wafalme wasiwadhulumu wageni wanaotangatanga kutoka taifa hata taifa. Hakina uhusiano wowote na kitabu cha sadaka.

Kwa nini kimya hiki kinanihangaisha kiasi hiki, wakati fedha zikipotea hutafutwa nyingine? Kwa sababu hakikomei kwenye fedha. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walipoteza maisha katika msongamano wa waumini waliokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la urejesho wa amri kumi waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000. Walikuwa wameambiwa dunia ingefika mwisho tarehe 31 Desemba 1999, wengi walikuwa wameuza mali zao, na siku ile ilipopita salama baadhi walianza kudai walichotoa. Na tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, umefukuliwa mwili baada ya mwili hadi idadi kupita 400, wakiwemo watoto, ambao inadaiwa walifungishwa njaa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, alikana mashtaka. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyeingia msitu ule kwa kuanza na njaa. Mafundisho ya kwanza yaliyojulikana yalikuwa kukataa shule, hospitali na vitambulisho vya serikali, yaani kuviondoa kimoja kimoja vyombo vyote ambavyo vingemwezesha mtu kusikia maelezo mengine.

Niwe mwadilifu pia kwa upande wa pili. Wasio na dini hawana chanjo. Mikopo ya mtandaoni, sarafu za kidijitali zisizo na mwenyewe na ufugaji wa kuku kwa niaba ya mwekezaji asiyewahi kuliona banda vimewanasa vijana wasioingia kanisani wala msikitini. Nao huanza kudanganyika pale pale panapoonekana haya kuuliza: mbele ya mtu mwenye gari, mwenye wafuasi wengi, mwenye Kiingereza kingi. Ila muumini ana jambo moja la ziada linalomfunga. Kijana aliyetapeliwa mtandaoni hupoteza fedha na kulalamika kwa sauti. Muumini akilalamika huogopa kupoteza pia ndugu zake wa ibada na amani yake na Mungu. Ndiyo sababu kesi nyingi za namna hii hazifiki polisi. Matapeli wa simu wamelielewa hili, na siku hizi ule ujumbe wa kuomba fedha "itume kwenye namba hii" huweza kuanza na "Bwana Yesu asifiwe" au salamu kamili ya Kiislamu, kwa kuwa ukishaitikia salamu umeshakuwa mpole.

Kwa hiyo ninaposikia viongozi wa dini wakitoa matamko baada ya kila msiba, kwamba waumini wawe makini na manabii wa uongo, naona ushauri huo ni nusu. Hakuna nabii wa uongo anayejitambulisha hivyo. Muumini atakuwa makini na nani, ikiwa kwa wale wa kweli amezoezwa kutouliza? Umakini haununuliwi siku ya hatari. Hufanyiwa mazoezi siku za kawaida, na mahali pa mazoezi ni kwa kiongozi mwaminifu. Padri, mchungaji au imamu anayesoma mapato na matumizi mbele ya waumini wake, risiti zikiwa mezani, na kumshukuru aliyeuliza swali gumu, anawajengea ulinzi ambao hotuba mia dhidi ya matapeli haziwezi kuujenga.

Jambo hili si ndoto, kwa kuwa akina mama wameshalifanya. Jumamosi moja nilimsindikiza shangazi kwenye kikao cha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake karibu wote ni wale wale wa kikundi cha maombi. Walikutana katika ukumbi wa kanisa, wakaanza kwa sala. Kisha sanduku la bati likawekwa katikati, lina makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na wanawake watatu tofauti wasiokaa nyumba moja. Mweka hazina alihesabu kwa sauti, noti moja moja, wengine wakifuatisha kwa midomo, na alipokosea kwa shilingi 2,000 mama mmoja mzee alisema, "Rudia, mama," naye akarudia tangu mwanzo bila kununa. Hakuna aliyeuliza kama kurudia huko ni upungufu wa imani. Shangazi ndiye mwenye ufunguo wa pili, na siku ile aliuzungusha mara mbili kuhakikisha kufuli limeshika.

Kuhusu yule kijana na zile 600,000, mpaka leo shangazi hajalitaja jina lake mbele ya kikundi, ingawa najua si yeye peke yake pale ukumbini aliyempa fedha. Nimemwomba aseme. Kila mara hunijibu kwamba tumwachie Mungu.